Ng'ombe wa Kwenye Fomu

Jumatatu, 4 Oktoba

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kofia ya serikali. Ilikuwa na umri wa miaka sita. Imeliwa leo asubuhi na mbuzi wa jirani, nikiwa nimeitundika kwenye uzio wa josho. Imebaki kamba ya kidevuni. Hakutakuwa na mazishi kwa sababu marehemu bado yumo tumboni mwa mbuzi. Mke wangu Mama Kulwa amesema afadhali, kwani nikiivaa nilifanana na askari jela aliyeachishwa kazi.

Mengine ya kawaida. Josho lina maji, halina dawa. Ng'ombe wanaogelea kwa heshima tu. Friji la chanjo linawaka, mafuta ya taa nusu debe. Pamba imelala ghalani, lori halijaja. Duka la kijiji lina majembe na mshumaa mmoja.

Nimemaliza fomu ya robo mwaka. Ng'ombe wa kata nzima: 3,100. Nimeijaza kwa njia yangu ya siku zote. Nafika kwenye mji wa mtu, napewa kigoda na maziwa mgando. Nauliza, "Mifugo haijambo?" Mwenyewe anajibu, "Wapo, wapo kidogo." Basi. Hapa ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa kidole wala kwa mdomo. Anayewahesabu anawatakia mabaya. Kwa hiyo nakunywa, natazama pembeni, naandika namba ya mwaka jana na kuongeza kidogo. Miaka kumi sasa. Sidhani kama mkoa huu una Bwana Mifugo mwenye adabu kama mimi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Katibu Kata amekuja na baiskeli, jasho mpaka kwenye soksi. Barua ya wilaya. Sotoka imeingia kata ya jirani, upande wa barabara ya Runzewe. Ng'ombe wanatoka machozi, midomo vidonda, wanaharisha, siku chache wanakufa. Mnada umefungwa. Chanjo yetu italetwa Jumanne: "dozi 3,100, kwa mujibu wa taarifa yako."

Nimesoma maneno hayo ya mwisho mara nne. Hayakubadilika.

Ng'ombe si 3,100. Najua. Kila mtu anajua. Mbuzi aliyekula kofia anajua.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilihesabu kweli. Kijana wa miaka thelathini na minane, kaptula ya kaki, kidole mbele. Miezi mitatu baadaye wakaja wakubwa kusema ng'ombe wa kata hii wamezidi, wapunguzwe. Watu wakajua namba imetoka wapi. Mwaka mzima hakuna aliyetuuzia maziwa. Kulwa na Doto waliachishwa ziwa mwaka huo, kwa uji wa maji. Mwaka uliofuata nikajifunza adabu, na maziwa yakarudi.

Nataka kujiambia niliwaonea huruma wafugaji. Nilipenda maziwa.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimeshinda lamboni. Kiangazi hiki maji yamebaki pale tu, na mifugo yote ya vijiji vyetu viwili, Isubilo na Mwanhegele, inanywea tope moja. Akiingia mgonjwa mmoja, wameingia wote.

Nilikaa ukingoni nikijifanya nachunguza majani. Kila ng'ombe kumi, kokoto moja mfukoni. Nilipofika mia sita nikagundua mfuko umetoboka. Nikaanza upya na mfuko wa kushoto.

Jibu: Isubilo 1,200. Mwanhegele, kijiji chetu, 3,800. Jumla elfu tano. Na wale waliopewa watu wa mbali wawatunze sikuwaona.

Pungufu ya dozi 1,900.

Jumapili, 10 Oktoba

Nilikwenda kanisani, sikusikia neno. Baadaye nikaandika barua kwenda wilayani kuomba dozi zaidi, "kutokana na ng'ombe wengi kuzaa tangu taarifa ya Jumatatu." Nikaisoma. Kwa hesabu ile hata madume yalikuwa yamezaa, na mapacha. Nikaichana.

Mama Kulwa: "Nenda Shinyanga ukaseme ulidanganya. Watakutafuna, watakutema, utarudi."

Nilimwambia nitakwenda. Badala yake nikaenda kwa Mzee Lugwisha. Yeye ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, na ni balozi wetu wa nyumba kumi. Nilikaa kwenye kigoda chake nikazunguka na habari za mvua.

"Bwana Mifugo," akasema, "mbona umekaa kama umekuja kuposa? Sina binti aliyebaki."

Nikamwambia dawa haitatosha.

"Kwani uliandika ngapi?"

"Nilivyoambiwa, mzee."

"Mimi nilikuambia wapo kidogo." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Lakini wangu utawachanja wote."

Hakuuliza. Na mimi, mwanamume mzima, nikasema ndiyo.

Jumanne, 12 Oktoba

Gari la wilaya limefika alfajiri. Wakashusha kasha la barafu, chupa 31 za chanjo, kila moja ya ng'ombe mia, na maboksi ya maji ya chumvi ya kuchanganyia. Wakaondoka mbio, kata nyingine zinasubiri. Maji ya chumvi wameleta mengi mno. Niliyaona. Nikajifanya sikuyaona.

Kazi ya Isubilo imekwenda sawasawa. Mimi nachanganya kibandani, Petro wa josho anadunga. Chupa moja ya dawa, chupa moja ya maji, ng'ombe mia. Akidungwa anatobolewa sikio, alama ya kwamba kachanjwa. Ng'ombe 1,200, chupa 12. Zimebaki 19.

Kesho Mwanhegele. Chupa 19 kwa ng'ombe 3,800. Hata wanangu wanaijua hesabu hiyo.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimefanya.

Asubuhi niliona vumbi la ng'ombe wa Mzee Lugwisha linatoka mlimani, haliishi. Nyuma yao wadogo wadogo, na nyuma kabisa jirani yetu Mama Shija, mjane, na maksai wake wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wote wametulia kwenye foleni. Wananiamini.

Nilikuwa peke yangu kibandani. Chupa moja ya dawa. Chupa ya kwanza ya maji ya chumvi. Halafu chupa ya pili ya maji ya chumvi. Nikatikisa vizuri, kama nilivyofundishwa chuoni.

Petro amedunga nusu dozi siku nzima bila kujua. Masikio yametobolewa vizuri kabisa.

Ijumaa, 15 Oktoba

Tumemaliza. Ng'ombe 3,800 wa Mwanhegele. Dozi zimetosha na zimebaki matone.

Katibu Kata ananiita mtaalamu. Mzee Lugwisha ameleta jogoo na kibuyu cha samli. Amesema mbele ya watu kwamba Mzinza huyu, aliyezaliwa kwenye samaki, sasa anajua ng'ombe kuliko Msukuma. Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Mama Kulwa alinitazama nilipokuwa nacheka. Ananijua. Akampika jogoo. Sikuweza kumla.

Labda nusu inatosha. Kwenye kitabu cha chuoni hawakusema haitoshi. Hawakusema inatosha pia. Hawakufikiri kama kuna mjinga atakayeuliza.

Jumapili, 17 Oktoba

Kata ya jirani wanachimba mashimo na kufukia mizoga. Upepo ukigeuka tunasikia harufu.

Kila asubuhi nakwenda lamboni kutazama macho ya ng'ombe. Wakitazama vizuri, napumua. Akitoka mmoja tongotongo, nakaa chini. Watu wanasema Bwana Mifugo ana bidii.

Jumanne, 19 Oktoba

Ng'ombe wa maziwa wa Mama Shija anatoka machozi.

Aliniita mwenyewe. "Baba Kulwa, shikamoo. Njoo umtazame huyu, toka jana hali." Nilimfungua kinywa. Ufizi mwekundu, na vidonda vidogo kama pumba zimemwagwa. Homa kali.

"Si umemchanja?" akauliza. Alilishika lile sikio lenye tundu akanionyesha, kama mtu anayeonyesha risiti.

Nikamwambia amfunge mbali na wengine, asimpeleke lamboni. Nikamwambia tutaona. Neno la kijinga. Nilikuwa nimeshaona.

Nimekaa nyuma ya nyumba nikafikiri hadi mwisho. Hakuna anayeweza kujua ng'ombe gani amepata dozi kamili na yupi amepata nusu. Masikio yote yana tundu. Hata wilaya ikileta dawa nyingine, mwenye tundu atarukwa. Ng'ombe 3,800 wana alama inayosema uongo, na aliyeiweka ni mimi. Nisiposema mimi, hakuna wa kusema.

Nimemwambia Mama Kulwa yote. Alikuwa anachambua michembe ya viazi. Akaendelea kuchambua muda mrefu.

"Kesho lori la pamba linakuja," akasema. "Utavaa shati la bluu."

Jumatano, 20 Oktoba

Shinyanga. Nimesafiri juu ya marobota ya pamba, jua kichwani, kofia sina. Lori lilisimama hospitali ya Kolandoto kushusha mgonjwa. Nilimwonea wivu. Yeye anakwenda pahali ambapo watamlaza na kumwambia atapona.

Mkubwa wangu wa wilaya alikuwa na lundo la barua hadi kidevuni. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Nikaisahau. Nikasema: fomu zangu ni za uongo miaka kumi, na nimechanja kijiji kizima kwa nusu dozi, na sasa mmoja anaumwa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Wangapi hasa?"

"Elfu tano, mzee."

Mara ya kwanza kuitamka. Nilitazama mlangoni kama vile Mzee Lugwisha angeingia.

"Elfu tano," akasema. "Na mimi nimekuwa nawaandikia mkoani kwamba kata yako ina upungufu wa ng'ombe wa maziwa. Wamekaribia kuwaletea msaada wa mitamba."

Ilikuwa ya kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Amesema dozi zitatafutwa, huenda zikapatikana kwa siku chache, barafu wataomba mgodini Mwadui. Amesema nitarudi nifanye kazi ile upya, mwenyewe, na kwanza niwaambie watu kwa kinywa changu. Halafu nisubiri barua. Hakusema barua ya nini. Sikuuliza.

Jumamosi, 23 Oktoba

Mkutano, uwanja wa ghala la pamba. Katibu Kata alifungua kwa kunisifu. Nikamkatiza.

Nikawaambia. Chupa moja, maji mara mbili. Ng'ombe wote wa Mwanhegele. Nikasema pia kwa nini: dawa ilikuja kwa namba niliyoandika mimi, na namba niliyoandika mimi haikuwa ng'ombe wao.

Nilisikia bawaba ya mlango wa ghala. Petro wa josho alikuwa ananitazama kana kwamba nimemvua nguo. Niliitumia mikono yake kudanganya. Nilikuwa nimesahau kumwomba radhi kwanza yeye.

Mama Shija alikuwa mbele, amekaa chini, miguu ameinyoosha.

Mzee Lugwisha akasimama kwa fimbo. "Ulikunywa maziwa yangu," akasema. Akaondoka. Nusu ya watu wakamfuata.

Nikawaambia waliobaki: wilaya inataka namba ya kweli, ikikosea tena dawa itapungua tena. Hakuna aliyetaja. Mzee mmoja wa Isubilo akaniambia kwa upole, kama anamfundisha mgeni, "Bhabha, ng'ombe si wa kutaja." Nikamjibu najua. Hilo ndilo tatizo langu, najua sana.

Jumapili, 24 Oktoba

Asubuhi nimefungua mlango nikakuta kopo la maziwa ya unga limewekwa kizingitini. Ndani mbegu za pamba. Nikadhani ni dharau, sikujua ya namna gani. Mama Kulwa akaliinamisha, akazimwaga kwenye ungo, akaanza kuzitenga kumi kumi.

"Hesabu, baba. Si umewaambia hesabu?"

Sitini na saba.

Kufika adhuhuri kulikuwa na makopo, vibuyu, soksi moja, na kofia ya mtoto. Wengine waliweka wakikohoa ili tusitoke. Hakuna jina. Mbegu moja, ng'ombe mmoja. Hakuna aliyetaja kitu kwa mdomo, hakuna aliyenyoosha kidole. Tulihesabu sakafuni mpaka magoti yakauma. Mbwa alikula wachache, tukamwandikia wanane kwa makadirio.

Kutoka kwa Mzee Lugwisha, hakuna.

Ng'ombe wa Mama Shija hasimami tena.

Jumanne, 26 Oktoba

Ng'ombe wa Mama Shija amekufa asubuhi. Tumemfukia mimi na Petro, shimo refu, chokaa juu. Petro hasemi nami isipokuwa "sogea" na "shika". Ni haki yake.

Wameanza kutoka machozi wengine. Sita. Wanne wa Mzee Lugwisha.

Alasiri Mzee Lugwisha mwenyewe amekuja, amebeba debe kichwani, mzee wa umri ule. Akalitua mlangoni kwa kishindo. Limejaa mbegu hadi nusu.

"Hizo," akasema. Hakukaa. Maziwa hakuleta, na sikutegemea.

Nikamwuliza Mama Kulwa kama tuzihesabu leo. Akasema kama nina pahali pengine pa kwenda, niende.

Alhamisi, 28 Oktoba

Dawa imekuja. Yote. Barafu bado ngumu.

Chupa moja, chupa moja. Nimemweka Petro achanganye, mimi nadunga. Alitaka iwe hivyo, na amesema hivyo mbele ya watu. Nikadunga mpaka kidole gumba kikakataa kukunjika. Tundu la pili kwenye sikio lile lile, hivyo sasa ng'ombe wa Mwanhegele wana matundu mawili.

Mama Shija alileta maksai wawili. Niliwadunga kwanza kuliko wote. Mzee Lugwisha aliona, akatazama mbali.

Jumapili, 7 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha, ndogo, ya kulaza vumbi. Siku kumi hakuna mgonjwa mpya.

Taarifa ya wilaya imefika, nakala. Inasema: "Chanjo ya pili ilitolewa Mwanhegele kutokana na ongezeko la mifugo lisilotarajiwa, na ugonjwa umedhibitiwa." Mkubwa wangu ni mtu mwema. Ndani ya bahasha hiyo hiyo kuna barua ya pili, yangu. Mwezi ujao nahamia ghala la wilaya kuhesabu mabomba ya sindano. Kata itapata Bwana Mifugo mwingine, kijana.

Taarifa ile si kweli, kwa hiyo naandika hapa yaliyotokea. Hakuna mifugo iliyoongezeka. Niliogopa kuwaudhi watu, nikaandika uongo wa adabu miaka kumi. Ulipofika wakati wa kulipa niliogopa tena, nikaongeza maji. Wamekufa kumi na mmoja. Barua ya mkubwa inasema huenda hao walikuwa wameshaambukizwa lamboni kabla ya sindano, na hata dozi kamili isingewaokoa. Huenda. Nimejaribu kuliegemea neno hilo siku kadhaa na halinihimili. Nilichojua mkononi nikimwaga chupa ya pili ni kwamba inaweza kuua, na nikamwaga.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Shija. Alinipa kigoda. Maziwa hayapo, alinipa maji. Nilikuwa na fomu mpya, ya kumwachia yule kijana.

Nilitaka kuomba radhi. Nikauliza swali ambalo sijamwuliza mtu hapa tangu mwaka wangu wa kwanza.

"Mama Shija, una ng'ombe wangapi?"

Alinitazama sana. Maksai walikuwa wanakula mabua ya mtama karibu na ua, masikio yanapepea.

"Wawili," akasema. "Walikuwa watatu."

Nimeandika wawili.